Mahindi ya Dakika Nne

Mwanamvua Zubery akimaliza kubadilisha kioo cha simu, haikabidhi kwa mwenyewe mpaka aicheze kwanza. Watu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, wamemzoea. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani fundi ameingiwa na kitu: mwanamke mtu mzima, ushungi umefungwa vizuri, miwani ya kukuzia inaning'inia shingoni, na kidole kinakatakata juu ya kioo kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Lakini ndivyo anavyoipima kazi yake. Gemu la kukata matunda linapitisha kidole kila pembe ya kioo, na pale ambapo tachi imekufa, tikiti linapita zima. Gemu la magari linapima kama simu inajua imeinamishwa upande gani. La kupiga ngoma linapima spika. Na yale ya vita, yenye moshi na watu mia wanaokimbizana, yanapima betri. Simu ikichemka kabla ya dakika kumi, anaifungua tena.

Miaka tisa ya kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo hakulitafuta. Wateja wakisubiri, huwapa simu moja ya mezani wapitishe muda, na yeye huku anachomelea huwatupia jicho. Gervasi, fundi cherehani wa fremu ya pili, mpole kiasi kwamba hata akigombana humsikii, hataki kitu ila magari, tena yale ya kugongana. Happiness, muuguzi, akitoka zamu anataka kupanga peremende za rangi moja tatu tatu, zilie "tiki" na kupotea. Anasema siku nzima amekuwa akipanga mambo yasiyopangika. Wako wanaotaka mafumbo, na ukithubutu kuwaonyesha jibu wanakununia. Wako wasiojali kushinda wala kushindwa, wao ni kujenga nyumba tu, kuipaka rangi, kuibomoa, kuanza upya. Ikafika mahali Mwanamvua akawa anamtazama mtu anavyosalimia tu, anajua gemu gani litamweka kitini.

Mara chache alikosea. Kosa lake kubwa lilimhusu mzee mwenye nyumba.

Fremu ya Mwanamvua iko mbele ya nyumba ya Mzee Leodgar, ukuta kwa ukuta na baraza lake. Mzee huyo alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na minne. Alizunguka vijiji vyote vya barabara ya Kasulu kwa pikipiki ya serikali, akiwafundisha watu kupanda kwa mistari. Siku aliyostaafu aliirudisha pikipiki; kufundisha hakukurudisha. Aliwafundisha wauza dagaa namna ya kuanika dagaa. Alimfundisha muuza mkaa kupanga magunia. Mwanamvua mwenyewe alifundishwa kushika bisibisi, na mtu ambaye hajawahi kufungua simu maishani mwake.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, mzee alikwenda Kagunga kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Boti ilipokuwa inakaribia ufukweni, aliona nahodha anafunga kamba vibaya. Akasimama amwelekeze. Akaweka mguu mahali ambapo aliamini pana ubao, na ubao haukuwapo. Alirudi Kigoma mguu wa kulia umefungwa hogo, ile plasta nzito nyeupe, kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Daktari akasema wiki sita bila kukanyaga chini.

Wakamkalisha barazani, kwenye kiti cha uvivu, mguu juu ya kigoda. Kutoka hapo aliona barabara nzima, na barabara nzima ilikuwa inakosea.

"Wewe kijana! Hiyo baiskeli umeifunga mzigo upande mmoja!"

"Mama, ndizi hazibebwi hivyo, zitachubuka."

Kwa wateja wa Mwanamvua ndipo akazidi. "Simu imekuangukia kwa sababu unaishika kama kiazi," alimwambia binti mmoja aliyekuja analia, kioo kimepasuka vipande vipande. Yule binti akageuza, akapeleka simu yake kwingine. Wiki ya kwanza haijaisha, Mwanamvua akaanza kuona wateja wanavuka barabara ili wasipite mbele ya baraza.

Siku ya nane, asubuhi, Mama Rozalia, mke wa mzee, aliingia dukani na ungo wa mchele mkononi. Ni mwanamke mnene wa wastani, mtaratibu, mwenye sauti ya chini iliyochanganyika na Kiha.

"Mwakeye, mwanangu."

"Mwakeye, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akaketi, akashusha pumzi. "Mwanangu, mzee wangu atanimaliza. Jana amenifundisha kuchambua mchele. Mimi! Nimechambua mchele tangu yeye yuko chuoni. Nikienda shambani Kidahwe ananipa karatasi ya maagizo, nikirudi ananisahihisha. Kwenye masimu yenu haya hakuna kitu cha kumshika mtu akatulia?"

Mwanamvua akacheka, akaweka bisibisi chini. "Kipo, mama. Niachie mimi."

Alijiamini mno. Jioni ile alimwambia mumewe, Haruna, fundi wa injini za boti, kwamba siku tatu hazitapita kabla Mzee Leodgar hajakuwa kondoo. Haruna akamwambia, "Yule? Labda umzibe mdomo na gundi yako."

Alianza na magari. Alifikiri, mtu aliyeendesha pikipiki miaka yote ile, mwendo utakuwa umo damuni. Kumbe Mzee Leodgar aliendesha gari la gemu kama alivyoendesha pikipiki ya serikali: polepole, upande wa kushoto, akisimama kila penye njia panda. Magari mengine yalimpita yakilia, akayafokea yote. Akashika nafasi ya mwisho mara saba mfululizo, akairudisha simu.

"Huu ni mchezo wa wahuni. Hakuna hata trafiki mmoja."

Akampa peremende. Akacheza kimya dakika tano, kisha akauliza, "Nikizipanga, ninamfundisha nani?" Mwanamvua akaichukua simu.

Ndipo akakumbuka gemu la shamba. Unapewa kiwanja, mbegu, kuku wawili, kisima. Unalima, unavuna, unauza, unapanua. Akamwekea, akamwonyesha pa kubonyeza, akarudi kwenye kazi yake. Robo saa baadaye baraza likatikisika.

"Fundi! Fundi, njoo hapa! Mahindi gani haya yanakomaa kwa dakika nne?"

"Ni gemu, mzee."

"Dakika nne! Hakuna kupalilia, hakuna mbolea, hakuna hata mvua! Na huyu ng'ombe anatoa maziwa, ndama wake yuko wapi? Mwaka wa ngapi huu watu wanadanganywa hivi?"

Mwanamvua akarudi dukani, ameshika kichwa. Hili nalo limekataa, akajisemea. Lakini saa moja ikapita, hakusikia mtu akifundishwa namna ya kubeba ndizi. Ikapita ya pili. Akachungulia. Mzee Leodgar alikuwa ameinama juu ya simu, daftari la mistari pajani, kalamu mkononi, anaandika makosa. Kosa la kumi na moja: alizeti imepandwa kivulini. Kosa la kumi na mbili: kuku hawana banda. Na kila akimaliza kuandika kosa, alivuna, akapanda tena, ili aone kosa linalofuata.

Siku ile hakuna aliyefokewa. Siku ya pili vilevile. Wateja wakaanza kurudi, kwanza kwa kunyata, halafu kwa vishindo vyao vya kawaida. Mwanamvua akamwonyesha Haruna daftari alilolipiga picha, Haruna akanyoosha mikono juu, akakubali ameshindwa.

Siku ya tano Mama Rozalia alirudi dukani. Safari hii hakuwa na ungo, na hakuketi.

"Mwanangu, nilikuomba umtulize. Sikukuomba umchukue."

"Kuna nini tena, mama?"

"Hali chakula. Ugali unapoa, samaki wake wa migebuka wanapoa, yeye anasema subiri nivune. Jana padri amekuja kumjulia hali, katikati ya sala simu ikalia kengele, mzee akafumbua macho, akavuna, akafumba. Padri ameona. Nikimwita, hanisikii. Alipokuwa anafoka, angalau nilikuwa na mtu ndani ya nyumba."

Hapo Mwanamvua akaona aibu kidogo, kwa sababu jambo lile alilijua. Alijua kengele ile inawekwa kwa makusudi. Alijua mazao ya gemu yanasinyaa usipoyavuna kwa wakati, na kuku anachorwa akiwa na huzuni ili roho ikuume. Alijua zawadi ya siku ya kwanza ni ndogo, ya pili kubwa kidogo, na ya saba kubwa zaidi, ila ukiruka siku moja unaanzia mwanzo. Mambo hayo aliyaona kwa mamia ya vidole vya watu, lakini hakuwahi kumwambia mtu kabla ya kumkabidhi simu.

Akamwelezea Mama Rozalia yote, taratibu. "Magari yalimtaka awe na haraka, naye hana. Peremende zilimtaka anyamaze, naye ana maneno mengi. Hili limempa kitu cha kusahihisha, tena kisichoisha. Ndiyo maana limemshika."

"Sasa ulitoe."

"Nikilitoa, kesho atakufundisha kuchambua mchele."

Mama Rozalia akafikiri, akaketi. Waliangaliana, wakaanza kucheka wote wawili, kicheko cha watu wasio na la kufanya. Kisha Mwanamvua akauliza, "Mama, ile simu aliyokuletea mwanao Alphonce Krismasi iko wapi?"

"Kabatini. Nimeifunga kwenye kanga. Mimi natumia kitochi changu hiki."

"Ilete."

Alichofanya Mwanamvua ni kumfungulia mama shamba lake ndani ya gemu lilelile, na kuliweka jirani na la mzee, maana gemu linaruhusu majirani kutembeleana na kumwagiliana. Mama Rozalia alitazama mara moja, akauliza maswali matatu tu. Moja, kila zao linachukua muda gani. Mbili, nini hutokea ukichelewa kuvuna. Tatu, ile kengele inazimwaje. Mwanamvua akamzimia kengele. Walipoangalia mazao moja moja, kumbe yapo yanayosinyaa upesi na yapo yasiyosinyaa hata yakikaa siku mbili. Hilo Mwanamvua mwenyewe hakuwa amelitambua, kwa kuwa kila gemu yeye hulicheza dakika mbili za kupimia.

Mzee alipoambiwa alifurahi hadi akagonga mkono wa kiti. "Mama Alphonce na simu! Haya, kaa hapa nikuelekeze." Akamwelekeza saa nzima: panda mahindi, vuna, panda mahindi, vuna, usiondoke. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," akaenda kuteka maji.

Kuanzia hapo Mwanamvua akawa na jambo la kufuatilia. Kila asubuhi akifika kutoka kwake Ujiji na kufungua fremu, aliwakuta wawili hawa kwenye mashamba yao, na hakuwahi kuona watu wawili wakilicheza gemu moja kama magemu mawili. Mzee alilima mahindi ya dakika nne. Alivuna, akajaza ghala, akapungukiwa nafasi, akauza kwa bei mbaya, akalima tena. Kengele ikilia, anaruka. Mama alifungua simu yake maji ya chai yakiwa jikoni. Alipanda kahawa, ambayo inachukua saa nane, akamwagilia, akaweka simu juu ya kabati, akaenda sokoni, au akapanda gari la Kidahwe. Akirudi jioni, ameshaoga, anakaa mkekani na kuvuna kwa dakika kumi. Hakununua ng'ombe mpaka alipokuwa na majani ya kumtosha. Mbele ya nyumba yake ya gemu alipanda maua ambayo hayauziki.

"Mama, hayo yana faida gani?" Mwanamvua alimwuliza.

"Si mazuri?"

Siku ya kumi na mbili ya mashamba hayo mawili, mchana, Mwanamvua alikuwa anapuliza simu kwa blowa, mashine yake ya hewa moto, aliposikia jambo la ajabu barazani. Kengele ililia, haikunyamazishwa. Ikalia tena. Mzee Leodgar alikuwa amelitembelea shamba la mkewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mafunzo. Alikuta ghala la orofa, kahawa safu sita, bwawa lenye bata, ng'ombe wanne, na bango linalosema mwenye shamba yuko hatua ya ishirini na moja. Yeye mwenyewe alikuwa ya kumi na nne.

"Mama Alphonce!"

"Bee!" Sauti ilitoka uani.

"Hebu njoo."

"Napika."

"Njoo hivyohivyo, na mwiko wako."

Mama akaja, mwiko mkononi. Mwanamvua akazima blowa.

"Hii kahawa," mzee akasema. "Huyu fundi amekusaidia?"

"Hajanigusia simu tangu siku ya kwanza. Muulize, anatusikia."

"Sijamsaidia, mzee!" Mwanamvua akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Mzee akatazama kioo, akamtazama mkewe, akakitazama kioo tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akasema neno ambalo Mama Rozalia aliapa baadaye kwamba katika ndoa ya miaka arobaini na moja hakuwahi kulisikia likitoka kwenye kinywa kile.

"Umefanyaje?"

Mama Rozalia alisimama pale, ugali unakauka kwenye mwiko. Alijibu bila kiburi, kama anayetaja njia ya kwenda sokoni. "Mimi napanda kitu kitakachonisubiri. Wewe umepanda kitu ambacho wewe ndiye unayekisubiri."

"Nani kakufundisha?"

"Watoto sita, jiko moja, na shamba liko Kidahwe. Ningekaa kusubiri dakika nne nne, mngekula nini?"

Mzee akamsogezea simu. Mama akavuta kigoda kingine, akakaa kando yake, akamwonyesha: hili lipande ukienda kulala, hili ukila, hili usilipande kabisa. Na hii kengele, akasema, tuizime. Kidole cha mzee kilisitasita juu ya kitufe, kisha kikabonyeza. Harufu ya ugali ulioungua ikaja mpaka dukani. Hakuna aliyelalamika.

Hogo lilipokuwa limebaki wiki mbili, mzee alianza kuwa mtu tena. Alivuna asubuhi na jioni, na katikati alilala, alisoma gazeti, aliongea na Gervasi kuhusu mpira. Kufundisha hakuacha, hilo lingetaka muujiza. Ila sasa muuza ndizi alipopita alisikia kitu kipya: "Mama Alphonce anasema ukizifunika na jani hazichubuki." Na Mwanamvua naye alijiwekea desturi. Kila anayemwekea gemu, kabla hajamkabidhi, anamwonyesha kengele inapozimwa, na kumwambia zawadi ya siku ya saba si ya kumkosesha mtu usingizi. Wengine humwona mshamba. Happiness alimshukuru.

Hogo lilitolewa mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zikianza kunukia. Jumamosi iliyofuata Mama Rozalia alimwalika Mwanamvua Kidahwe akachukue muhogo. Akafunga fremu, akaenda nao. Mzee alitembea kwa fimbo, mguu umekonda kama wa mtu mwingine. Walipofika shambani alisimama mpakani, akatazama ardhi iliyokatuliwa, akavuta pumzi. Mwanamvua, aliyemjua, alingoja hotuba ya mistari.

"Mama Alphonce," mzee akasema, "maharage unataka yaanzie wapi?"

Mama aliteremsha jembe begani. "Kule chini, karibu na mto. Nimekwambia miaka minane."

"Kule kuna maji."

"Najua kuna maji. Magimbi yatakaa chini kabisa, maharage juu yake. Maji yatayapata magimbi, si maharage."

Mzee alikuna kidevu. Ilionekana wazi alikuwa na hoja, pengine tatu. "Haya," akasema. "Twende nione."

Walipanda mpaka saa saba. Mzee alidondosha mbegu akiwa ameketi juu ya gunia, akijivuta hatua kwa hatua, na mama alifukia kwa mguu. Hakuna aliyetoa simu mfukoni. Halafu wakakaa kando ya mto, wakala muhogo wa kuchemsha na samaki waliokuja nao, na Mama Rozalia, mdomo umeng'aa mawese, akaanza kusimulia bila kuombwa.

"Unajua huyu nilimpataje? Alikuja kwa baba yangu hapahapa Kidahwe, ametoka chuo, amevaa soksi hadi magotini. Akatukusanya, akatufundisha kulima pamba kwa saa mbili. Mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunywa. Nikamwuliza, kwani wewe umewahi kulima pamba?"

"Hakuuliza hivyo," mzee akasema.

"Niliuliza hivyohivyo. Akanywa maji yote, akanirudishia kata, akasema, 'Sijawahi.' Nikasema moyoni, basi, huyu anafaa. Nikadhani ndivyo atakavyokuwa siku zote!"

Mwanamvua alicheka hadi akapaliwa na muhogo. Mzee Leodgar akampigapiga mgongoni, na yeye mwenyewe mabega yakimtikisika, akajaribu kuonekana amekasirika, akashindwa. Wakamalizia samaki, wakafunga magunia mawili ya muhogo, wakapanda polepole kuelekea barabarani, mama mbele, mzee katikati na fimbo yake, Mwanamvua nyuma, kungoja gari la kurudi mjini.